Tairi Chini ya Kitambaa

Nanjala,

Umeketi Kenyatta Market tangu asubuhi, wanawake wawili wamekushika kichwa wakikusuka, kila mmoja na upande wake, na najua hutarudi kabla ya jioni. Kwa hiyo nina mchana mzima wa kukuandikia bila wewe kuniambia, "Mum, umeanza tena." Nimeanza tena. Kesho utaondoka na pikapu ya babako kwenda Baragoi kuuza na kufunga sola, na mimi nitabaki hapa Jamhuri katika nyumba ambayo kila kitu kitakaa pale nilipokiweka. Sitakuandikia habari za maji ya kunywa, za chandarua, wala za nani umpigie simu ukifika. Hayo umeshaambiwa na kila mtu anayekupenda kwa urahisi. Mimi sikupendi kwa urahisi. Uliniambia hivyo mwenyewe mbele ya wageni, nami nikaendelea kumimina chai kwa sababu ulikuwa umesema kweli.

Nataka kukuandikia juu ya tairi.

Jumamosi iliyopita tulikwenda Kirinyaga Road, wewe, mimi, na Kevo wako, ambaye alivaa miwani ya jua hata ndani ya duka. Mwenye duka, Bwana Balbir, ni mzee Singasinga ambaye ukoo wake umeuza tairi mtaa ule tangu kabla babu yako hajapanda gari la kumleta Nairobi. Alikuwa amekaa juu ya tairi mbili zilizopangwa, anakunywa chai kwa sahani, na alituangalia kama mtu anayejua tayari nani ataudhika.

Kevo alikwenda moja kwa moja kwenye zile zenye meno makubwa na maandishi meupe ubavuni.

"Hizi ndizo, babe. Cheki meno! Ukipita nazo Kinoo, watu watahama barabara."

"Ziko fiti," ukasema. "Mum, si ziko fiti?"

"Kijana," Bwana Balbir akasema, "hizo ni za matope. Huko mnaenda kuna matope?"

"Mzee, huko ni kunoma. Kila kitu kiko."

"Kila kitu ni nini?"

"Mawe," nikajibu mimi.

"Basi anataka kuvaa gambuti akanyage misumari," mzee akasema.

"Sasa mzee, kama ni mbaya, mbona unaziuza?"

"Kwa sababu mnanunua."

Ulicheka, Nanjala, na nilifurahi kwamba umecheka, lakini mkono wako ulibaki kwenye yale meno. Kisha Bwana Balbir akamuuliza Kevo kama na yeye anakwenda Baragoi.

"Mimi? Zi, siendi. Niko na mambo mob hapa town."

"Ahaa," mzee akasema, akarudi kwenye sahani yake. "Kumbe mguu si wako."

Hukucheka hapo. Ulinitazama mimi kwa hasira, kana kwamba ni mimi niliyemlipa mzee aseme vile. Sikumlipa. Ningemlipa kama ningejua angesema vizuri hivyo. Kevo alichagua kwa sauti kubwa tairi za gari ambalo hatalipanda, na wewe ulikuwa tayari kuzivaa ili apige picha. Una sura ya babako na haraka yake. Akili ni yangu, lakini unaiweka kando ukishapendwa kidogo tu. Na mimi niliiweka kando hivyo hivyo, na matokeo yake ni wewe, kwa hiyo siwezi hata kulaumu vizuri.

Unakumbuka nilivyopiga magoti pale sakafuni, na sketi yangu ya kazini, nikaanza kubonyeza ubavu wa zile zenye sura mbaya, zilizoandikwa A/T, za kupita kila njia. Ulisema kwa sauti ya chini, "Mum, watu wanakuona." Waache waone. Uso wa tairi ni kwa ajili ya watu kuona. Mawe ya kule unakokwenda hayatakupiga usoni, yatakupiga ubavuni, pale ambapo hakuna meno, na ubavu ukiwa mwembamba hutasikia hata mlio, utahisi tu usukani umekuwa mzito upande mmoja. Meno makubwa yanashika matope na yanalia kwenye lami kama kinu cha posho. Meno ya kadiri, yaliyokaribiana, na ubavu mgumu unaokataa kidole: hizo ndizo nilizozitaka. Tena ziwe na umri mdogo. Tarehe yake imeandikwa palepale ubavuni, namba nne, wiki na mwaka ilipotengenezwa, na mtu yeyote asiyeinama kuisoma anastahili anachouziwa.

Hilo la mwisho ni kali mno. Nimelisoma tena na nimeliacha, kwa sababu babako hakuinama.

Ndipo tukafanya makubaliano yetu. Ulisimama katikati ya duka, mikono kiunoni, ukasema, "Sawa. Nitachukua hizo zako mbaya, zote nne. Lakini spea ni ya Baba. Hiyo siongei tena."

"Sawa," nikasema.

"Nipe mkono."

Nikakupa mkono. Bwana Balbir alikuwa shahidi, na Kevo alikuwa anajiangalia kwenye kioo cha kaunta.

Sasa tuzungumze juu ya hiyo spea.

Nilipoolewa Kinoo, kama kule ni kuolewa, maana nilifika kwa Kukhu, mamake babako, na tumbo lako na sare ya shule ndani ya begi, nilikuta nyumba ambayo kitu kipya hakitumiki. Vikombe vya maua vilikaa kabatini nyuma ya kioo vikingoja wageni, na wageni walipokuja vililetwa vile vya bati, kwa sababu hao hawakuwa wageni wa kutosha. Blanketi jipya lilikaa ndani ya karatasi yake ya nailoni juu ya sanduku. Babako, Wafula, alinunua pikapu kuukuu akaanza kubeba viazi kutoka Narok, na siku alipopata faida yake ya kwanza alinunua tairi mbili mpya. Unadhani alizifunga? Nyuma pikapu ilikuwa inakwenda na tairi zilizokwisha kama kisigino cha mzee. Moja mpya akaifunga chini ya gari kuwa spea. Nyingine akaiingiza sebuleni, kwa ajili ya siku ambayo spea ingetumika.

"Mpya ni ya shida," aliniambia. "Ukitumia mpya leo, shida ikija utaipa nini?"

Niliona ni busara. Sikujua kitu. Nilikuwa msichana aliyetaka kupendwa na mama mkwe, kwa hiyo nilikaa mlangoni na sindano yangu nikaishonea ile tairi ya sebuleni kitambaa, cheupe chenye maua ya manjano, kama vile vya makochi. Kukhu aliposema, "Huyu msichana ana mikono," nilidhani nimeingia katika ukoo. Tuliweka ubao juu yake, tukaweka redio juu ya ubao. Wewe ulijifunza kusimama ukishikilia tairi hiyo. Hilo hukumbuki, na nimekuwa nikikunyima makusudi, kwa sababu najua ungelifanya kuwa hadithi.

Ulikuwa na miaka sita babako alipopata pancha ya nyuma akirudi kutoka Narok. Alinipigia simu kando ya barabara. Hakuwa na wasiwasi, alikuwa na furaha. "Leo ndiyo siku ya mpya," alisema. Namsikia bado. Alikuwa ameitunza miaka yote hiyo, juani na kwenye joto la ekzosi, haijawahi kugusa barabara, na alikuwa na fahari ya mtu aliyeona mbali. Akaifunga, akapakia jeki, akaendelea. Ikapasuka baada ya Suswa, kwenye barabara iliyonyooka, mchana, hakuna lori mbele wala ng'ombe. Pikapu ililala ubavu na kusimama tena. Yeye hakusimama.

Kukhu hukuambia kwamba Mungu alimtaka. Mungu hakuhusika. Ilikuwa raba. Raba huzeeka ikiwa imelala, kama mtu, na haikuonyeshi usoni.

Najua hayo kwa sababu bima ilimtuma mtu na tochi. Alichuchumaa kando ya ile tairi iliyopasuka, akafuta vumbi na kidole gumba, akanisomea zile namba nne kwa sauti ya mtu anayeangalia tarehe ya pakiti ya maziwa. "Ilikuwa imeshapita, madam. Hii hatuwezi kulipa." Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Sikulia mbele yake. Nilimuuliza alisomea wapi kazi hiyo.

Basi nikaisomea na mimi, usiku na wikendi, wewe ukiwa umelala kwa Kukhu, na ndiyo iliyokulisha. Huwaambii marafiki zako vizuri kazi yangu, unasema tu niko kwenye bima. Kazi yangu ni kuchuchumaa. Nimewasomea watu namba ubavuni mwa tairi huku viatu vya wenyewe vikiwa bado barabarani. Wengine walinitukana. Mmoja alinishika mkono akaniambia, "Dada, lakini ilikuwa mpya, tulikuwa tumeitunza," na mimi nilijua hasa ilitunzwaje, ilikaa wapi, na ilifunikwa na nini, nikaandika nilichopaswa kuandika. Siandiki haya kwa toba. Naandika ili ujue ni mtu wa aina gani aliyekupa mkono pale dukani, na kwa nini hukupaswa kuuamini.

Jumapili ile Kukhu alipokuita Kinoo, nilikuja nikijua atakupa nini. Aliondoa redio, akaondoa ubao, akakusukumia tairi na kitambaa chake.

"Mwanangu hakuitumia," alisema. "Itumie wewe. Ona, bado mpya, hata unywele wake haujatoka."

Na kweli vile vinyweleo vya raba vilikuwa bado vimesimama juu ya meno yake. Ukaikumbatia. Ulilia ukiwa umeikumbatia tairi, Nanjala, na nguo yako nyeupe ikashika weusi, na nilisimama mlangoni nikafikiri kwamba hujawahi kunikumbatia mimi kwa muda mrefu hivyo.

"Kukhu, hiyo ni ya zamani," nilisema.

"Ya zamani wapi? Imetembea wapi? Wewe ulisoma mpaka ukasahau kuona kwa macho."

"Mum, please. Si leo."

Basi haikuwa siku ile. Wala haikuwa Jumamosi iliyofuata, kwa sababu ningekataa dukani ungeondoka na meno ya Kevo, spea ya babako, na hasira ambayo ingekufanya ukanyage mafuta kuanzia Waiyaki Way. Nilihesabu kama ninavyohesabu kazini. Tairi nne nzuri kwa ahadi moja ya uongo.

Leo, ulipotoka tu kwenda kusukwa, nilishuka chini na funguo za akiba. Nikaiteremsha spea, nikaibingirisha hadi nyuma ya pikapu, nikaipandisha peke yangu huku yule mama wa ghorofa ya pili akinitazama kutoka kwenye kamba ya nguo. Nikaenda kwa Bwana Balbir.

"Umerudi kwa ya tano," alisema, bila hata kusimama.

"Ulijua?"

"Nilikuona ukimpa mkono. Mtu anayekubali huangalia uso. Wewe uliangalia saa."

Alinitolea ya tano kutoka kwenye rundo lile lile, na kijana wake akaifunga kwenye rimu. Ile ya babako, iliyovuliwa rimu, ilibaki imelala kwenye zege, nyepesi, inaaibisha, kama mtu aliyevuliwa koti.

"Hii nitupie huku nyuma?" mzee akauliza.

"Hapana. Hiyo naenda nayo."

Nilikwenda Kariokor, kwa wale wanaokata tairi kuwa viatu vya akala. Niliogopa kwamba nikiiacha popote ikiwa nzima utaitafuta, na ukiipata utaifunga, kwa sababu wewe ni mtu wa hivyo na mimi ndiye niliyekulea. Fundi aliigeuza mara mbili, akapitisha kiganja juu ya vinyweleo.

"Mathe, hii ni mpya! Haijatembea hata kidogo. Unakata mpya?"

"Kata."

"Ni ya nani?"

"Ya marehemu."

Akaweka kisu chini. "Ai. Hapo sasa kuna mtu atalia."

"Ndiyo sababu nimekuja bila yeye."

Akalowesha kisu kwenye maji ya sabuni akaanza. Nilisimama hapo mpaka mwisho. Na sasa nitakuambia jambo ambalo ningeweza kulificha, na kulificha kungenifaa. Nilikuwa nimejiandaa kukuandikia kwamba ilipokatwa ilifunguka nyufa, kwamba ndani ilikuwa kavu na inameng'enyeka kama mkate wa juzi. Nilitaka kukuletea kipande uone. Haikuwa hivyo. Ndani ilikuwa nyeusi, nzima, inang'aa. Fundi aliisifu. Alisema siku hizi hawaleti tena tairi ya nailoni kama hiyo, isiyo na waya, inayokubali kisu. Huenda ingekufikisha Baragoi na kukurudisha. Huenda ingekaa chini ya gari miaka mingine kumi usiihitaji kamwe. Nimeharibu kitu cha babako cha mwisho kilichokuwa kizima, na sina ushahidi wowote kwamba nilikuwa na haki.

Lakini ile nyingine pia iling'aa. Babako aliniambia kwenye simu jinsi ilivyong'aa.

Ukinisomea makosa yangu utakuwa sahihi. Nilikudanganya. Nilimwibia mama mzee kumbukumbu ya mwanawe kwa sababu hajui kusoma namba nne. Nilingoja uende kujipamba kwa ajili ya safari ndipo nikafanya, na kusema kweli sijui hizo nywele unazipeleka kwa nani kule, labda kwa mbuzi. Ungekuwa mbele yangu saa hii ungepiga mlango. Piga. Ondoka kesho bila kuniaga, kama unataka, usinipigie mwezi mzima, mwambie Kevo mama yako ni mchawi, na atakubali haraka kwa sababu hatakuwa na la kufanya zaidi. Nichukie. Nimefanya hesabu ya hilo pia. Nichukie ukiwa na tairi tano.

Kitu kimoja tu nakuomba, na si kwa ajili yangu. Kukhu atakupigia simu. Atauliza kwanza kuhusu tairi, ndipo aulize kama umekula. Usimwambie nilichofanya, hatakielewa, na hana tena umri wa kuanza kukielewa. Mwambie tairi ya mwanawe imefika Baragoi. Hutakuwa unamdanganya. Uongo katika nyumba hii nimeutumia mimi wote, sitaki ubebe hata kidogo.

Kwa sababu imetoka jozi mbili za akala. Yako nimeiweka kwenye kiti cha dereva, nimeifunga kwa kile kitambaa cha maua ya manjano ulichokuwa umetandaza kwenye dashibodi. Nilimpa fundi kiatu chako cha zamani apimie, ameacha nafasi kidogo kwa sababu miguu huvimba kwenye joto. Vile vinyweleo nilimwambia asivinyoe. Vitaisha vyenyewe, ukitembea.

Jozi ya pili ninayo miguuni ninapoandika. Raba ni ngumu kuliko nilivyodhani na tayari imenikata pale juu ya kidole gumba. Nawe itakukata siku za kwanza. Usizivue, Nanjala. Mimi sitazivua.

Mama